Yai Moja kwa Miaka Miwili: Mhadhara juu ya Ndege wa Baharini na Juhudi za Kuwanusuru

Nawashukuru wavuvi, maana bahari ikiwa shwari kila saa ya nchi kavu ni hasara kwao, na bado wamekuja.

Lengo langu ni moja. Nataka tutoke humu tukiwa tumekubaliana kwamba ndege wa baharini wanakufa kwa sababu zinazojulikana, kwamba zile sababu mbili kubwa, adui aliyeingia kiotani na ndoana iliyotupwa majini, zina dawa iliyokwisha kujaribiwa ikafaa, na kwamba sisi wa pwani hii tuna sehemu yetu ya kuitumia dawa hiyo. Nitaleta hoja tano. Hazilingani urefu, na sitajaribu kuzilinganisha.

Hoja ya kwanza: anayezaa polepole hawezi kufidia hasara

Ndege wa baharini ni wale ambao riziki yao yote, au karibu yote, inatoka majini: albatrosi, pengwini, minandi, shakwe, buabua na jamaa zao. Wako aina karibu 360. Wataalamu walipozipitia aina zote mwaka 2019, walikuta karibu moja katika kila tatu imo hatarini kutoweka. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, ulikusanya hesabu za makundi yaliyofuatiliwa kwa muda mrefu sehemu mbalimbali za dunia, ukaona yamepungua kwa takriban asilimia 70 kati ya 1950 na 2010.

Kwa nini wao waathirike hivi? Jibu liko kwenye uzazi. Kanga hutaga mayai kumi na zaidi, na akiliwa leo, mwakani nafasi yake imejaa. Sasa mtazameni albatrosi mkubwa wa bahari ya kusini, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hufika mita tatu na nusu. Hutaga yai moja tu, tena kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, kwa sababu kinda lake hukaa kiotani karibu mwaka mzima likilishwa na wazazi wote wawili. Kinda hilo likikua litazurura baharini miaka mingi, na huenda lisianze kutaga mpaka lifikishe umri wa miaka kumi hivi. Mzazi mmoja akifa katikati ya malezi, mwenzake hawezi kulilisha peke yake. Kwa hiyo ndoana moja inaua mzazi na kinda, na inamwacha mjane ambaye atachukua miaka kupata mwenza mwingine.

Maumbile haya yanafaa pale ambapo mkubwa haliwi na mtu wala mnyama. Mwaka 1956 mtaalamu wa ndege Chandler Robbins alimvisha pete mguuni albatrosi jike katika kisiwa cha Midway, Bahari ya Pasifiki. Robbins alifariki mwaka 2017. Ndege yule, ambaye walinzi wa kisiwa walimpa jina la Wisdom, alitaga tena yai mwishoni mwa mwaka 2024, akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 74. Akiachwa, anaishi hivyo. Ndiyo maana vifo vichache kwa mwaka, ambavyo kwa kuku au njiwa visingehesabika, kwa albatrosi ni mteremko wa kuelekea kwenye kutoweka.

Hoja ya pili: adui mkubwa ameletwa na vyombo vyetu

Ile tathmini ya mwaka 2019 iliweka juu ya hatari zote wanyama walioletwa visiwani na binadamu: panya, paka, nguruwe na wengineo. Ndege hawa wamezoea kutaga chini, kwenye mawe au kwenye vishimo, katika visiwa ambavyo tangu zamani havikuwa na mnyama wa kula yai. Hawana habari ya kukimbia wala ya kupigana.

Nitakaa kidogo katika kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kusini-mashariki mwa Cape Town. Karibu robo ya albatrosi wakubwa wote wa dunia wanazalia kwenye Marion na kisiwa jirani. Mapema katika karne ya 19 wawindaji wa sili walifika huko, na panya wadogo wa nyumbani wakateremka nao. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa kwenye kituo cha hali ya hewa ili wawamalize panya hao. Paka wakaona ndege ni mawindo mepesi kuliko panya. Kufikia miaka ya 1970 paka walikuwa maelfu, na ilikadiriwa wanaua ndege 450,000 hivi kila mwaka. Iliwachukua watu karibu miaka ishirini kuwaondoa, kwanza kwa ugonjwa wa paka uliosambazwa makusudi, kisha kwa bunduki za usiku na mitego. Paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991.

Panya wakabaki. Kisha hali ya hewa ya kisiwa ikabadilika: joto likaongezeka, mvua ikapungua, msimu wa panya kuzaa ukarefuka. Wakaongezeka, wakala wadudu na mbegu mpaka vikapungua, na njaa ya majira ya baridi ilipowabana wakageukia makinda ya ndege. Nawaomba radhi wenye roho nyepesi, lakini jambo hili lazima lisemwe lilivyo. Usiku panya hupanda juu ya kinda lililokaa kiotani. Kinda hilo ni kubwa kuliko panya mara mia kadhaa, na lina mdomo wenye ncha kali. Lakini halijui kwamba linashambuliwa, kwa hiyo linakaa. Panya wanaanza kutafuna ngozi ya kichwa, au mgongo karibu na mkia. Kesho yake usiku wanarudi kwenye kidonda kilekile. Kinda linakufa baada ya siku kadhaa, likiwa bado limekaa palepale pa kumsubiri mzazi wake. Mwaka 2023, kwa mara ya kwanza pale Marion, walionekana hata albatrosi wakubwa, wazazi kamili, wameuawa kwa namna hiyo.

Dawa ipo. Ni kumwaga chambo chenye sumu kwa helikopta juu ya kisiwa chote, bila kuacha hata upenyo mmoja, maana panya wawili wakisalia kazi yote ni bure. Serikali ya Afrika Kusini na shirika la BirdLife South Africa wameunda mradi wa kufanya hivyo Marion, kwenye eneo la hekta zipatazo 30,000, na sasa wanachangisha fedha na kujiandaa. Kuna atakayeuliza kama inawezekana. Kisiwa cha South Georgia, chini kabisa karibu na Antaktiki, kilitangazwa mwezi Mei 2018 kuwa hakina panya tena, baada ya kazi ya miaka mingi kwenye eneo kubwa zaidi ya hilo. Ni kweli pia kwamba katika kisiwa cha Gough jaribio la mwaka 2021 lilishindwa; mwezi Desemba mwaka uleule panya akaonekana. Lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilipitia majaribio 1,550 katika visiwa karibu 1,000, ikakuta asilimia 88 yalifaulu. Nawauliza madaktari waliomo humu: ni magonjwa mangapi ya hatari tunayoweza kuyatibu kwa kiwango hicho?

Wala mambo haya si ya kusini ya mbali tu. Kunguru weusi wanaopiga kelele juu ya mapaa ya mji huu waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, na wamekuwa wezi wakubwa wa mayai na makinda pwani nzima. Lakini tunao pia mfano wa kheri. Chumbe, kisiwa kidogo tunachokiona karibu na mji, kiliondolewa panya mwaka 1997.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Kisiwa cha Cousin huko Ushelisheli kilikuwa shamba la minazi. Mwaka 1968 shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege lilikinunua, kwa kuwa ndege mdogo mmoja wa msituni, ambaye wakati huo hakupatikana kwingine kokote, alikuwa amebaki humo chini ya thelathini. Minazi ikaachwa ipungue, msitu ukarudi, na pamoja na yule mdogo wa msituni wakastawi ndege wa baharini kwa maelfu, juu ya miti na ndani ya mashimo. Panya hajawahi kukanyaga Cousin. Mnajua wanavyomzuia? Boti ya mgeni hairuhusiwi kugusa ufuko. Inasimama majini, wageni wanahamishiwa kwenye boti ya kisiwa, ambayo inalala kisiwani na inajulikana haina panya. Basi. Haihitaji chuo kikuu.

Hoja ya tatu: ndoana

Wavuvi mnaijua dhulumati. Ile ya meli kubwa za jodari inaweza kufika kilomita 100, na kubeba ndoana maelfu. Meli inakwenda mbele, kamba inatolewa kwa nyuma, kila ndoana na chambo chake cha ngisi au samaki. Chambo hakizami mara moja. Kwa muda mfupi kinaelea nyuma ya meli, na huko juu albatrosi amekwisha kunusa. Anashuka, anakimeza, ndoana inamkamata koo, na uzito wa kamba unamvuta chini akiwa hai. Meli haisimami. Saa nyingi baadaye, kamba inapovutwa, ndege anapanda akiwa ameloa na kufa, na ndoana hiyo haikuvua jodari. Mvuvi naye kapata hasara. Ndiyo maana katika jambo hili mvuvi na mhifadhi hawana ugomvi wa kweli.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalisema dhulumati za dunia zinaua ndege wasiopungua 160,000 kila mwaka, na pengine mara mbili ya hao. Nyavu za kutega zinaua wengine wengi.

Dawa yake ni tatu, na hakuna hata moja ya gharama kubwa. Kwanza, tega usiku, wakati albatrosi wengi hawaoni vizuri. Pili, funga chubwi karibu na ndoana ili chambo kizame upesi. Tatu, tumia kamba ya kutishia ndege: kamba ndefu inayofungwa kwenye mlingoti wa nyuma ya meli, ikining'inizwa vipande vya rangi kali vinavyopepea juu ya eneo ambalo chambo bado kinaelea. Ndege anaogopa kuingia kati. Wavuvi wa Japani ndio waliobuni chombo hicho, kwa kuwa walichoka kuibiwa chambo.

Mwaka 2006 mashirika ya kuhifadhi ndege, BirdLife na RSPB la Uingereza, yalianzisha kikosi cha watu wanaopanda meli na kukaa na wavuvi baharini, wakiwaonyesha kwa vitendo. Walianzia Afrika Kusini. Katika meli za huko zinazokokota nyavu, vifo vya albatrosi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Namibia ilikuwa na sifa mbaya zaidi. Meli zake zilihesabiwa miongoni mwa zinazoua ndege wengi kuliko zote duniani. Mwaka 2015 serikali ikapitisha kanuni, na katika meli za dhulumati vifo vikashuka kwa asilimia 98. Kamba zenyewe zinatengenezwa na kikundi cha kina mama wa Walvis Bay, ambao wanajipatia kipato kwa kazi hiyo. Napenda mfano huu kuliko yote, kwa sababu unaonyesha sheria, mvuvi na mama wa mtaani wakivuta upande mmoja.

Tanzania na Kenya ni wanachama wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Mahé, Ushelisheli. Kanuni ya Tume hiyo iliyoanza kutumika Julai 2014 ilizitaka meli zote za dhulumati zinazovua kusini ya latitudo ya digrii 25 kusini kutumia angalau njia mbili kati ya tatu nilizozitaja. Digrii 25 ni mbali na hapa, najua. Lakini meli za mbali zinazoomba leseni kwetu hazikai kwetu mwaka mzima, na mjumbe wetu anapoketi kwenye meza ya Tume ana kura sawa na mjumbe wa nchi yenye meli mia. Anaweza kuuliza ni safari ngapi zilikuwa na mwangalizi, na mwangalizi aliona nini usiku ule. Swali hilo halihitaji nchi tajiri.

Hoja ya nne: ndege hawa wanailisha miamba yetu

Nahodha mzee akiona buabua wanazunguka na kushuka mahali pamoja anageuza chombo bila kuambiwa. Jodari wakiwa chini wanawasukuma samaki wadogo juu, buabua wanawadaka, na mvuvi anafuata. Hilo kila mtu hapa analijua. Lisilojulikana sana ni hili.

Katika visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, baadhi ya visiwa viliingiwa na panya pamoja na mashamba ya minazi, na vingine havikuingiwa. Bahari ni ileile, hali ya hewa ileile. Mwaka 2018 kundi la watafiti likiongozwa na Nicholas Graham lilichapisha matokeo ya kuvilinganisha. Visiwa visivyo na panya vilikuwa na ndege wengi zaidi, kwa wastani mara 760. Ndege hao hula mbali kwenye maji makuu, wanarudi kulala, na kinyesi chao kinarutubisha udongo. Mvua inaosha rutuba hiyo mpaka kwenye mwamba wa pembeni. Mwani unaota, samaki wanaula. Uzito wa samaki kwenye miamba ya visiwa vyenye ndege ulizidi ule wa visiwa vya panya kwa karibu nusu, asilimia 48.

Ukimwachia panya kisiwa, umepunguza samaki kwenye mwamba ulio kando yake. Ningependa hesabu hiyo ibandikwe kwenye kila ofisi ya uvuvi kuanzia Lamu mpaka Mtwara.

Hoja ya tano: hatari nyingine hazitangoji

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa muda unanikimbia na Mwenyekiti ananitazama.

Plastiki: mwaka 2019 vijana wa Ushelisheli na Uingereza walikwenda Aldabra, kisiwa kisichokaliwa na wanakijiji, wakaondoa tani 25 za taka kwa majuma matano, nyingi zikiwa zana za uvuvi na kandambili. Kiasi kilichobaki kilikadiriwa kuwa tani 500. Homa ya mafua ya ndege: tangu 2021 imeua minandi kwa maelfu Afrika Kusini na kuangusha makundi makubwa ya ndege wa Ulaya ya kaskazini, na dhidi yake hatuna kamba wala chubwi.

Mafuta: mwezi Juni 2000 meli Treasure ilizama karibu na Cape Town, pengwini wapatao 19,000 wakapakwa mafuta. Maelfu ya watu waliojitolea waliwaosha mmoja mmoja, na walio wengi wakarudi baharini. Nalitaja hili kwa sababu mafuta ghafi ya Uganda yatapakiwa melini Chongoleani, Tanga, na kaskazini kidogo ya hapo ni Kisite, ambako buabua wanazaa. Mipango ya kukabili ajali iandikwe na ifanyiwe mazoezi kabla ya ajali.

Na njaa: pengwini wa aina ileile iliyookolewa Afrika Kusini mwaka 2000 wamebaki chini ya jozi 10,000, hasa kwa kukosa dagaa, na mwaka 2024 wametajwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwezi Machi 2025 wahifadhi na wenye viwanda vya samaki walifikia makubaliano yaliyothibitishwa na mahakama ya Pretoria: uvuvi wa dagaa umefungwa kuzunguka mazalio sita muhimu kwa miaka kumi. Hakuna upande uliopata vyote ulivyotaka. Mimi nayaona kuwa makubaliano mazuri.

Kazi iliyo mbele: Fungu Kizimkazi

Sasa turudi nyumbani. Kilomita 60 hivi kusini-mashariki mwa Unguja, katikati ya maji marefu, kuna kipande cha mwamba tambarare kisicho na mti wala maji matamu, urefu wake mita mia chache, na kimeinuka mita chache tu juu ya maji. Manahodha mnakiita Fungu Kizimkazi. Juu yake wanazaa buabua wa aina kadhaa kwa maelfu, pamoja na yule ndege mkubwa mweupe mwenye uso mweusi anayejitupa majini kama mkuki. Pwani hii haina mahali pengine pa namna hiyo kwa ndege wa maji makuu.

Wavuvi hufika pale, wengine hupumzika, na mayai huokotwa. Sitawalaumu watu walio mbali na nyumbani na wenye njaa. Lakini nilikwisha kueleza hesabu ya uzazi wa ndege hawa. Ushelisheli nao hula mayai ya buabua tangu zamani, na serikali yao huweka kiwango kwa leseni, na hufunga pale hali inapokuwa mbaya. Nasi tunaweza kukubaliana juu ya miezi ya kutokanyaga. Miezi hiyo msiitafute kwenye vitabu vyangu. Nyinyi manahodha ndio mnaowaona wakitaga, mtuambie.

La haraka kuliko yote ni panya. Chombo kinachokwenda dago pale kikaguliwe kabla ya kung'oa nanga: magunia, nyavu zilizolundikwa, chini ya sakafu ya mtumbwi. Panya jike mmoja mwenye mimba anatosha. Wahusika wa uvuvi waweke ukaguzi huo pamoja na ule wa vifaa vya kuokolea maisha, ili usiwe safari ya pili wala ada ya pili kwa mvuvi. Na chuo chetu kiwatume wanafunzi kila mwaka, mwezi uleule, wahesabu viota kwa njia ileile, ili miaka kumi ijayo mhadhiri atakayesimama hapa awe na takwimu zetu wenyewe badala ya kuazima za Chagos na Marion.

Nimeongea na Katibu. Kuna daftari mezani kwake. Nahodha atakayekubali kuandika kila anapopita Fungu, tarehe, ndege aliowaona wakiatamia, na kama kuna mayai au panya, aache jina lake na la chombo chake kabla hatujaenda kunywa kahawa. Majina sita yatatosha kuanzia msimu huu. Maswali nayakaribisha, na ningependa la kwanza litoke upande wa wavuvi.